Globu Iliyokataa Kuzimika

Fundi Taratibu hakupewa jina hilo kwa sifa. Wateja walimbatiza kwa kuchoka kumsubiri, naye akalivaa kama koti la kurithi, mwisho likamkaa. Kibanda chake kilikuwa kati ya muuza magodoro na kinyozi. Ndani kulinuka dizeli na waya ulioungua, na meza ya kazi ilikuwa imejaa makovu ya moto. Hapo ndipo alipopimia regyuleta, vile visanduku vinavyoushika umeme wa jenereta usipande wala usishuke.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili. Mmoja alizungusha transfoma ya kupandisha na kushusha umeme, akasoma mita na kutaja umeme kwa sauti. Mwenzake aliikodolea macho globu ya waya iliyofungwa upande wa pili, akamjibu. Umeme ukiwa chini, regyuleta isiyo na hitilafu huiwasha globu. Ukifika kiwango chake, huizima. Kisha kifaa kiliachwa kipate joto, watu wakanywa chai, wakabadilishana viti, wakapima tena. Baridi kwanza, moto baadaye. Kifaa ni kama binadamu, asubuhi kila mtu ni mwema.

Aliyekuwa akisoma mita aliitwa Kengele, kwa sababu ya sauti ya koo lake. Sasa Kengele alikuwa na duka la vioo upande wa pili wa barabara, akiuza regyuleta mpya. Ya zamani ilitupwa bila hata kuulizwa inaumwa wapi. Ndiyo dunia ya leo: kinachokohoa hakitibiwi, kinazikwa. Siku Kengele alipohama, Taratibu alimwita mchuuzi wa maboksi mbele za watu, na tangu hapo hawakupeana hata salamu.

Asubuhi moja dada mdogo wa Taratibu aliingia kibandani na regyuleta mkononi. Alikuwa mjane, na kilichomweka mjini ni mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, na jenereta yake ilikuwa ikipandisha na kushusha taa kama mwenye homa.

"Kaka, nivuke nichukue mpya kwa Kengele? Mayai nimeyafunika blanketi, lakini blanketi si mama."

"Kwa nani? Mdogo wangu, hiki kina mafua tu. Unamzika mtu kwa kupiga chafya?"

"Sina muda wa mizaha. Vifaranga vimeanza kulia ndani ya maganda."

"Basi kaa hapo. Hujamaliza kulalamika nitakuwa nimemaliza."

"Wewe? Taratibu?" Dada akacheka, hofu yake yote ikiwa usoni.

Kicheko kile kilimchoma kuliko tusi. Akakifungua kisanduku, akaona kiungo kimoja cha risasi kimepasuka, akakichomea upya. Akapima peke yake, mkono mmoja kwenye transfoma, jicho likikimbia kutoka mita hadi globu na kurudi. Globu ikawaka. Umeme ulipofika kiwango, ikazimika.

"Umeona?"

Kilichobaki ni kupima moto. Akalitazama birika. Akakitazama kigoda cha Kengele, ambacho siku hizi kilibeba makopo ya rangi. Dada alikuwa mlangoni, uso umeelekea barabarani, kwenye vile vioo. Akiambiwa asubiri, atavuka. Basi yeye, aliyewasimanga watu maisha yake yote kwa pupa yao, akachomoa nyaya.

Walikwenda nyumbani kwa dada, akaifunga, jenereta ikanguruma sawasawa, joto likarudi kwenye mashine. "Mungu akuweke, kaka," dada akasema. Wakati wa kurudi Taratibu alipita mbele ya duka la Kengele makusudi, kifua mbele, mwendo wa bwana harusi.

Jua lilipoanza kupinda, dada akarudi. Hakuja mbio, na hapo ndipo kaka yake alipojua. Aliiweka regyuleta mezani.

"Ilikwenda vizuri. Halafu taa zikawa nyeupe mno. Mpaka nimekimbia kuizima jenereta, kumeshanuka. Nilipofungua mashine, joto lilinipiga usoni kama la tanuri. Nikatega sikio, kaka. Hakuna kilichokuwa kinalia."

Taratibu aliketi. Kisha akainuka, akavuka barabara.

Kengele aliinua kichwa, nywele zake nyeupe kuliko alivyozikumbuka. "Nani amekufa?"

"Njoo unisomee mita."

Kengele akachukua miwani yake. Pale kibandani aliyaondoa makopo mwenyewe, akakalia kigoda chake. Wakaiwasha regyuleta, wakaiacha ipate joto. Chai hakuna aliyeitaja. Kisha ile sauti ya zamani ikajaa kibandani.

"Mia mbili!"

"Inawaka."

"Mia mbili na ishirini! Kiwango ndicho hiki."

"Inawaka."

"Na arobaini! Tazama vizuri, wewe mzee."

"Inawaka," alisema Taratibu. Globu iling'aa vilevile, haijali mtu.

Kengele akaizima transfoma. "Uliipima moto?"

Dada alikuwa pale pale mlangoni. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, na kosa lingebaki la kisanduku.

"Sikuipima."

"Ungeniita, jiwe wewe. Ningekutukana, lakini ningekuja."

Taratibu aligusa globu, ikamuunguza, asiondoe kidole upesi.

"Kaka," dada alisema, bila ukali, na hilo ndilo lililokuwa zito. "Beba jembe. Siwezi kuyafukia mayai peke yangu."

Alichimba nyuma ya nyumba, kando ya ua. Mayai yalikuwa bado na joto, na moja lilikuwa limetobolewa kidogo kutoka ndani, mdomo wa kifaranga ukionekana. Akayalaza shimoni moja moja, taratibu, na safari hii hakuna aliyemharakisha.