Mpira Ambao Baba Hakuutazama

Juzi, kwenye treni ya kwenda Stanmore, abiria mmoja alikuwa akitazama besiboli kwenye simu. Nikaikumbuka sebule yetu ya utotoni, kule mtaa wa Queensbury.

Baba alikuwa hakosi mechi hata moja ya timu yake ya Marekani. Jioni moja ilinyesha mvua, masweta yetu ya shule yalikuwa yakikauka juu ya hita, na nyumba nzima ilinuka sufu iliyorowa na chai ya iliki. Nilikaa miguuni pake nikingoja anifundishe mchezo. Hakunifundisha. Mpira uliporuka, yeye alikunywa chai. Kamera ilipogeukia majukwaani, aliinama mbele mpaka akakaribia kugusa kioo cha televisheni.

"Hujamuona?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Bado."

Nilidhani wanamsema mchezaji fulani. Nikamwambia Baba, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba mpira uko upande mwingine. Alinipapasa kichwa bila kunitazama.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponieleza. Ami Saidi, mdogo wake Baba, alikwenda kuishi kwenye mji wa timu ile. Mara ya mwisho alipopiga simu, alisema amezoea kwenda uwanjani kuitazama. Baada ya hapo, kimya.

Baba ameshafariki. Siku hizi timu yake naitazama peke yangu. Ami Saidi sijapata kumuona hata kwa picha, kwa hiyo kamera inapogeukia majukwaani, namtafuta mtu aliyefanana na Baba.