Muleba: niling'oa vijiti vya mjane kwenye nyumba za matete, ukoo ukabomoa nusu ya jengo

Heshima kwenu wakuu.

Haya niliyaona kwa macho yangu, na mkosaji mkubwa ni mimi, kwa hiyo sina faida ya kutia chumvi.

Ni miaka ile Ukimwi unatumaliza Kagera, watu bado wanauita Juliana. Mimi kijana wa Bilele, Bukoba mjini, digrii ya ujenzi bado ya moto, mbishi kwa kila kitu.

Nikapewa saiti Muleba: nyumba nne za safu, paa moja, kwa wajane wanne. Nguzo za mkaratusi, kuta za matete na udongo, dari ya mikeka ya mafunjo, juu nyasi. Kukaa kwa kubanana ili migomba isikatwe.

Nilicheka. Nyasi juu ya familia nne? Moto ukianzia kwa mmoja je?

Kiwanja kilikuwa cha marehemu mume wa Ma Koku. Alirudi mzima kutoka vitani Uganda, ugonjwa ukamkuta nyumbani. Ma Koku akawakaribisha wajane wenzake watatu. Shemeji yake alitaka wote waondoke, ardhi irudi kwa ukoo.

Asubuhi moja nakuta vijiti vibichi vimechomekwa kuzunguka jengo lote, karibu na ukuta.

"Fundi, hii nini?"

"Mulamula, injinia. Kachomeka Ma Koku mwenyewe, eti urembo."

Nikamweleza mama habari za unyevu, mizizi kwenye msingi, mchwa.

"Waitu, nakuomba, iache," akasema.

"Mama, nimesomea haya."

"Mchwa wa Muleba nao ulisoma nao?"

Vibarua walikufa kwa kicheko. Nikapandwa na hasira, nikaanza kung'oa mwenyewe, nyumba mbili za upande wa kulia. Mvua ikanikimbiza. Upande wa kushoto nikausahau, nikarudi mjini kuandika ripoti.

Niliporudi wajane wameshahamia. Kushoto vijiti vimetoa majani!

Siku hiyohiyo shemeji akaja na wazee wa ukoo na vijana wenye mapanga. Mzee mmoja akashika jani, akaliachia haraka.

"Huu umeota. Mimi siung'oi."

Wote wakarudi nyuma. Kwa wasiojua, kama mimi wa mjini wakati ule: mulamula kwetu ni mti wa mpaka. Ukishaota bila mtu kuupinga, anayeung'oa hana wa kukaa naye tena.

Shemeji akazunguka kulia. "Na huku je?"

Akachungulia chini ya ukuta.

"Huku hakuna kitu. Kateni."

Wakuu, nyumba ya matete inabomoka upesi kuliko unavyodhani. Walikata kamba za migomba, paa likakaa chini. Mama Adela, mjane wa nyumba ya mwisho, alitoka na sufuria ya ndizi bado inachemka. Kabla ya saa sita nusu ya jengo ilikuwa lundo, nusu nyingine imesimama, imeachwa wazi ubavuni.

Nikapiga kelele: "Vilikuwepo! Mimi ndiye niliyeving'oa!"

Shemeji akanitazama, akacheka. "Basi asante, injinia."

Baadaye nikamuuliza Ma Koku kwa nini hakuniambia.

"Fundi wako ni mtoto wa ukoo. Ningetaja mpaka mbele yake, shemeji aje aung'oe kabla haujaota? Nilikwambia iache. Ulitaka na nini?"

Familia nne zikaishi kwenye nyumba mbili. Mimi nikaziba ule ubavu kwa matete yaleyale ya kwenye lundo, Mama Adela ananipokeza moja moja.

Leo wasomi wanaziita nyumba za mimea, rafiki wa mazingira. Sipingi, zile mbili zilisimama vizuri. Ila nilijiona mtu wa kuhoji kila kitu, kumbe siku ile sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa naeleza tu. Ukikuta mti kwenye saiti, muulize aliyeuweka kabla hujaugusa. Akikataa kujibu, mwite pembeni.

Wa Muleba, Bukoba vijijini, Karagwe: kwenu mulamula bado unaheshimiwa? Na mafundi mliowahi kuharibu kama mimi, semeni. Matusi pia napokea, nayastahili.