Tiki ya Pili

Nina msimamo mmoja kuhusu katuni za Kijapani ambao umenigombanisha na nusu ya vijana wa Ujiji: mhusika akifa, aachwe na kifo chake. Kuna hadithi ndefu, zinazokwenda msimu baada ya msimu, ambamo mtu anachomwa upanga, anazikwa, rafiki zake wanalia mpaka na wewe unalia, halafu msimu unaofuata anatokea mlangoni mzima, na nywele za rangi nyingine. Huo mimi nauita utapeli. Mtu amenitoa machozi bure, na bando langu amelila.

Misimamo mingine ninayo, na wateja wa steshenari ninapofanya kazi wanaijua yote. Sitaki katuni iliyotafsiriwa na mtu anayebwata juu ya sauti za wahusika. Nataka sauti zao wenyewe na maandishi chini, na asiyetaka kusoma akaangalie mpira. Sitaki faili lililobanwa mpaka usiku wa kwenye picha unageuka vigae vyeusi. Kompyuta yangu naiendesha kwa mfumo wa bure ambao watu wa hapa wanauona kama uchawi, kwa sababu nimechoka na virusi vya flashi za watu. Mwanachuo akiniletea utafiti wake ulio kwenye flashi moja tu, bila nakala popote, namfokea kwanza ndipo namsaidia. Wananivumilia kwa kuwa kazi yangu naijua.

Dada yangu mkubwa, fundi cherehani wa Rusimbi, hakuwa na habari na mambo haya. Kwake katuni zilikuwa za watoto, na mdogo wake aliyepita umri wa kuoa akikodolea macho katuni ilikuwa aibu ya ukoo. Mwenzangu alikuwa mume wake.

Shemeji yangu alizaliwa ng'ambo, Kongo, akaletwa upande huu akiwa mdogo, na Kiswahili cha kwao hakikumtoka hata baada ya miaka yote hiyo. Aliniita muramu, yaani shemeji kwa usemi wa kwao. Alikuwa mfanyabiashara wa vijiji vya kando ya ziwa, kusini: anapeleka sukari, sabuni na mabeseni ya plastiki, anarudi na dagaa na mawese. Kila akitaka kusafiri alipita steshenari kuniachia memori kadi ya simu yake, nami nikaijaza katuni, kwa sababu huko aendako mtandao ni wa kupanda mlimani kuutafuta. Hakupenda mapigano. Alipenda zile hadithi za polepole ambazo vijana wangu wanazikimbia, za mtu anayeishi na bibi yake, anapika wali, mvua inanyesha, basi linapita. Aliporudi alinisimulia mimi niliyemjazia. "Muramu, hawa batu banaonyeshaka mpaka maji vile inachemka!" Alishangaa kweli. Nami nilimpenda kwa mshangao ule, kwa sababu ndicho ninachokithamini mimi katika kazi za Wajapani na sijawahi kumpata mwingine wa kuniambia.

Safari ya mwisho boti aliyopanda ilipinduliwa na upepo, karibu na vijiji vya kusini. Waliojua kuogelea walifika ufukweni. Baadhi ya waliokufa walipatikana na wakazikwa na watu wao. Yeye hakupatikana, si mzima wala maiti.

Sasa hapo ndipo ilipoanzia taabu ya nyumba yetu. Kwetu msiba una utaratibu wake: kuna kuosha, kuna kuswalia, kuna kuzika, watu wanakaa matanga, mjane anaingia eda. Bila maiti, na bila mtu aliyemwona akizama, hakuna pa kuanzia. Sheikh alikuja, akasema kwa upole kwamba dada ni mke wa mtu mpaka jambo lithibitike, na kwamba dada mwenyewe akiridhika kuwa mumewe amefariki, wazee watakaa watoe hukumu na eda itaanza. Dada alisema hajaridhika. Nani angemlazimisha? Ziwa lina upande wa pili, na mume wake ana ndugu huko. Kila wiki mtu alikuja na habari ya mtu mwingine aliyeokotwa na wavuvi wa Kongo, ana homa, hakumbuki jina lake. Jirani walipoingia kutujulia hali walisimama mlangoni hawajui waseme nini, maana huwezi kumpa mtu pole ya msiba ambao hana. Wakaishia kusema, "Pole kwa kusubiri." Sijawahi kulisikia neno hilo popote pengine.

Na kilichomfanya asiridhike, zaidi ya Kongo yote, kilikuwa tiki moja.

Kila alasiri dada alimwandikia mumewe ujumbe kwenye simu. Ulikuwa uleule aliomwandikia kila safari, "Umekula?" Ujumbe uliondoka, ukabaki na tiki moja ya kijivu. Siku ya kwanza aliponionesha akaniuliza maana yake, nilimweleza kama ninavyowaeleza wateja: tiki moja maana yake umetoka kwako, haujafika kwake, simu yake imezimwa au haina mtandao. Akarudia maneno yangu polepole. "Imezimwa." Nikamwambia ndiyo, au ipo mahali pasipo na mtandao. Niliona uso wake ukilainika. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kweli hiyo alikwenda kuishi ndani yake kwa miezi. Simu ikizimwa huwashwa, ndivyo alivyokuwa akimwambia shangazi yetu, aliyehamia pale kumtazama.

Mimi nami nikawa nakwenda kila nikifunga kazi, na kompyuta begani. Siku moja aliniambia, "Niwekee hizo anazoangalia shemeji yako." Nikamwekea ile ya mtu na bibi yake. Tulikaa kwenye mkeka, cherehani imefunikwa kanga, kila mmoja na kisikilizio kimoja sikioni, kwa sababu shangazi alisema nyumba kama ile haifai kusikika ikilia muziki, hata kama hakuna msiba. Dada aliangalia kimya mpaka pale bibi alipopakua wali na kufunika bakuli la mtu ambaye hajafika. Akauvua ule waya sikioni, akasema hiyo hapana, nimwekee nyingine.

Akaishia kuipenda ile ninayoichukia kuliko zote, ile ya mashujaa wanaokufa na kurudi. Aliimaliza misimu yake kama mtu anayekula na njaa. Mhusika akifa, mimi nalalamika kabla hata hajapoa.

"Huyu atarudi," nasema. "Waandishi hawa hawana aibu."

"Na akirudi wewe unapungukiwa nini?" akaniuliza siku moja, kwa ukali.

Nikaanza kumhutubia kama ninavyowahutubia vijana, kwamba kifo kisichodumu kinaharibu hadithi yote, kwamba hakuna tena cha kuogopa wala cha kulilia. Nilikuwa nimefika katikati ya hotuba nilipomtazama. Alikuwa ameshika simu yake mapajani, kidole gumba kinapita juu ya kioo huku na huku. Nikaiacha hotuba. Tukaendelea kuangalia, na yule mtu alirudi kweli, na dada akatabasamu kidogo. Roho iliniuma sana siku hiyo. Nilimpenda dada yangu na nilijua kompyuta kuliko nilivyojua kitu chochote, na hakuna hata kimoja ninachokijua kilichokuwa na faida kwake.

Kisha tiki ya pili ikaja.

Nilikuwa nakatakata picha za pasipoti za mteja shangazi aliponipigia, simu imejaa vigelegele. "Imefika! Ujumbe umefika! Shemeji yako yu hai!" Niliacha mkasi na mteja palepale, nikapanda pikipiki mpaka Rusimbi. Uani walikuwa wameshajaa wanawake. Mmoja anapepeta mchele, shangazi anaandaa chai ya watu watakaokuja, na wawili wanabishana nani aende Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kumfuata mgonjwa. Waliniona wakanipokea kwa vigelegele vingine, kana kwamba mimi ndiye niliyeuleta huo ujumbe.

Dada alikuwa chumbani peke yake, ameketi ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na furaha ya wale wa nje.

"Nimeogopa kupiga," alisema. "Piga wewe."

Nilichukua simu. Zilikuwa tiki mbili kweli, za kijivu, chini ya "Umekula?" ya siku hiyo. Lakini juu yake palikuwa na mstari mdogo wa maandishi ambao watu wa kawaida hawausomi, unaosema kwamba msimbo wa usalama wa mwasiliani huyu umebadilika. Na ile picha yake akiwa amevaa kofia, iliyokaa pale miezi yote, haikuwepo. Palikuwa na picha ya maua. Nilijua hapohapo. Najua laini isiyotumika kwa muda mrefu inavyofanywa, najua namba inavyorudishwa sokoni na kuuzwa kwa mwingine kama chupa ya soda iliyooshwa. Nilimweleza mteja mambo hayo hayo mwezi uliotangulia, tena nikicheka.

"Dada," nilisema.

"Piga. Weka spika."

Nikapiga. Iliita, na kule kuita tu kulimfanya ajishike kifua, maana kwa miezi alikuwa akijibiwa na mashine kwamba namba haipatikani. Ikapokelewa.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, msichana hasa, mwenye lafudhi ya mbali na huku kwetu. Mimi nilifungua mdomo nimweleze, lakini dada alininyang'anya simu. Nikaona usoni mwake jambo ambalo sikulitegemea. Kwanza lilipita wivu, haraka sana. Baada yake ikaja nafuu.

"Dada yangu," alimwambia yule msichana, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, "mimi ni mke wake mkubwa. Usiogope, sina ugomvi na wewe. Kama mmeoana, Mungu awabariki. Sitakuja huko, sitatuma mtu. Niambie tu yu mzima? Anakula?"

Nje walikuwa wanacheka.

"Mama, sijakuelewa," alisema msichana. "Unamtafuta nani?"

Dada akamtaja mume wake.

"Simjui, mama. Laini hii nimeinunua juzi, kwa wakala hapa stendi."

"Usimfiche. Mimi si mtu wa makelele, muulize mwenyewe atakuambia. Mpe simu nisikie sauti yake tu, halafu nakata."

"Mama, wallahi niko peke yangu. Mimi ni mwanafunzi."

Alikuwa karibu kulia, yule mtoto wa watu. Nilimwomba radhi, nikakata. Dada alinitazama, akaniambia, "Anadanganya, siyo?" Aliniuliza kwa matumaini. Mwanamke mwingine angeomba dua asisikie sauti ya mke mwenza, na yeye alikuwa ananiomba nimthibitishie kwamba ameisikia.

Nikakaa sakafuni mbele yake, nikamweleza. Sikumficha kitu na sikutumia maneno ya kazini. Nilimwambia laini ikikaa kimya muda mrefu kampuni inaifunga, inaisubiri, halafu inampa mtu mwingine namba ile ile. Ule mstari juu ya ujumbe ndio unaosema kwamba simu ni nyingine na mwenyewe ni mwingine. Nikamwonesha mstari. Aliusoma mara kadhaa, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo kampuni walishajua," alisema.

"Hawajui lolote, dada. Ni mashine. Inaona laini haitumiki, basi."

"Wamempa mtu namba yake. Huwezi kumpa mtu kitu cha mwenzake kama mwenyewe atarudi."

Nilitaka kubishana naye, maana ndivyo nilivyo, siwezi kumwacha mtu na maelezo yenye kasoro kuhusu mashine. Nilitaka kumwambia kwamba hata mtu aliye hai, akikaa kimya muda huo, wangempokonya namba vilevile. Ilikuwa kweli. Niliimeza kweli hiyo.

Simu ililia mikononi mwake. Yule msichana alikuwa ameusoma ujumbe. Tiki zote mbili zilikuwa zimegeuka bluu, na chini yake alikuwa ameandika, "Mama, samahani, uliniuliza kama nimekula. Ulikuwa unamwandikia nani?"

Dada aliusoma. Hakulia. Alijifuta vidole kwenye kanga, kama afanyavyo kabla ya kushika kitambaa cha mteja, akaandika mwenyewe, herufi moja moja, nami nikiona kila neno linavyotokea.

"Samahani mwanangu. Nimekosea namba."

Akatuma. Tiki zikaja zote mbili kwa mara moja. Akazima simu, akaiweka chini ya mto, akavua bangili zake mkono mmoja na kisha mwingine, akazishika asijue pa kuziweka. Nikazipokea.

"Nenda nje," aliniambia. "Kamwambie shangazi nimefiwa."

Nilitoka. Uani mchele ulikuwa umeshapepetwa. Shangazi alikuwa ameinama akipuliza moto wa chai ya wageni, moshi umemjaa machoni, na aliposikia mlango akainua uso kunitazama, bado anacheka.