Mashine Nyeupe za Bi Kanda

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2014, saa nne asubuhi, tulikuwa watu tisa katika duka la michezo ya video la dada yangu: sisi watatu wa nyumbani na wateja sita. Dada aliitwa Bi Kanda, kwa kuwa alianza biashara hiyo zama za kanda. Mdogo wa mumewe, ambaye ni mbia wake, alikuwa amekwisha kufunga kamba maboksi ya mashine nyeupe ili ayarudishe kwa muuzaji wa jumla.

“Shemeji, nyeusi tumeuza mia mbili, nyeupe themanini tu. Unang’ang’ania nini?”

“Mashine faida yake kiduchu, baba. Sisi tunakula kwenye diski. Wenye nyeusi wamenunua diski mia nne, wenye nyeupe mia saba na ishirini. Haya, gawanya!”

Shemeji alitazama dari, vidole vikimsaidia. “Mbili kwa kila nyeusi… tisa kwa kila nyeupe.”

“Kumbe shule ulikwenda!”

“Hayo ni ya mdomoni. Nionyeshe watu.”

“Basi keti, utawaona.”

Wateja wanne walinunua mashine nyeusi, kila mmoja na diski moja ya kandanda, wakaaga. Wawili, wenye nyeupe nyumbani, waliganda rafuni wakibishana, diski zimewajaa mikononi. Shemeji alikohoa, akaomba mkasi, akakata kamba.

Saa sita mchana tulibaki watano: Bi Kanda, mimi, shemeji akiyapanga upya maboksi, na wale wawili, ambao walikuwa bado wanachagua.