Fundo la Mkono wa Kushoto

Harufu ya nyavu mbichi zilizoanikwa kwenye mawe ya Makoko, shombo na tope la ziwa pamoja, hunirudishia wivu kabla haijanirudishia baba. Nilikuwa darasa la nne. Nyangeta, mtoto wa mke wa pili wa baba, tulilingana umri, ila yeye alishona nyavu kwa mkono wa kushoto, na mafundo yake yalilalia upande ambao ya watu wengine hayalalii. Kila mgeni alionyeshwa. "Tazama, huyu anashonaga kunishinda mimi!" baba alisema. Mafundo yangu hakumwonyesha mtu. Pengine yalikuwa mabaya, siwezi kubisha.

Mwaka huo jirani yetu Masatu alimshtaki baba kwamba amemwibia wavu. Baba akishindwa, anaenda jela. Siku ya kesi mjini Musoma, sisi watoto wawili tulikaa nje kwenye benchi hadi karani akachungulia mlangoni. "Mtoto anayemshoneaga mshtakiwa nyavu ni yupi? Aingie." Nikasimama mimi. Nyangeta alinitazama tu. Sijui niliwaza nini; nadhani nilitaka baba anione nikiitwa.

Baba alikuwa amejitetea kwamba wavu ni wake, na matundu yake yalizibwa na mwanawe; hakimu akaniuliza nani aliyaziba. "Ni mimi," nikasema. Akanipa sindano na uzi. "Funga fundo moja tulione." Nikafunga. Likalalia kulia, yote ya kwenye wavu yalilalia kushoto. Masatu akacheka. "Mheshimiwa, si unaona? Mpaka mtoto kafundishwa uongo!"

Baba hakunikaripia. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. "Mama," akaniita kama alivyozoea kutuita binti zake, "sema ukweli. Nani ameshona?"

Nikamrudishia hakimu sindano yake. "Nyangeta."

Akaitwa, akafunga mafundo matatu bila kutazama watu. Hakimu akayalinganisha, akamwachia baba. Tulipotoka baba alimshika Nyangeta mkono, ule wa kushoto, mimi nikafuata nyuma nimebeba wavu. Nisimwonee: huenda ndio mkono uliokuwa karibu.

Sasa Nyangeta anaishi Bunda, na hajamwambia mtu kwamba nilisimama mahali pake. Baba, macho yamekwisha, nakaa naye mimi. Miaka yote hii nimejifunza kushona kwa kushoto. Juzi nilimwekea wavu mapajani, akaupapasa, uso ukachangamka.

"Nyangeta amekuja?"

"Hapana, baba. Ni mimi nimeshona."

Akapapasa tena yale mafundo, moja moja.

"Sawa, mama. Yeye anakuja lini?"