Kpakpo na Nyumba ya Wanawake

Kpakpo alikuwa mpiga kafi wa mashua za mzigo pale Jamestown, Accra, enzi meli zilipotia nanga mbali na pwani, na kakao ikavushwa mawimbi kwa mikono ya watu. Mgongo wake ulikuwa mpana kama mlango.

Alimwoa Dedei, mchoma samaki. Walizaa wanne, wa kwanza Lamiley. Hawakukaa nyumba moja. Kwa Waga, wenyeji wa pale, ndivyo ilivyokuwa: mume kwa baba zake na kaka zake, mke kwa mama zake, uchochoro wa pili. Jioni mke huleta chakula. Akitaka kulala hulala, alfajiri hurudi kwao. Mwanamume hakanyagi ua wa wanawake.

Ilipofunguliwa bandari mpya ya Tema, mashua zilivutwa mchangani zikaoza. Waliopata kazi kule walipewa vyumba viwili, wakae na wake zao. Kpakpo naye aliitwa.

"Twende, baba Lamiley," Dedei alisema. "Na mimi nikuone asubuhi ukiwa na matongo."

"Nikae na mke usiku na mchana kama jogoo bandani? Watanicheka."

"Watakucheka mwezi mmoja tu."

"Mwezi mzima! Nitakuwa nimekufa."

Alicheka. Dedei hakucheka.

Rafiki yake Ayikwei, aliyepiga naye kafi benchi moja, alihamia na mkewe. Kila alipokuja kusalimu, wanaume walimpokea: "Bwana Tema, leo mkeo kakupa ruhusa ya kukohoa?" Kpakpo ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwenyewe alibaki Jamestown, akibeba magunia sokoni.

Miaka ikaenda. Uzeeni Dedei akaacha kuja. Chakula kikaletwa na Fofo, mdogo wake.

"Dada yako vipi?"

"Magoti, shemeji. Kwani wewe yako yanaimba?"

Kenke, madonge ya unga wa mahindi, ililetwa, samaki aliletwa. Ila siku moja Kpakpo alionja pilipili, akasita.

"Hii kasaga nani?"

"Nani mwingine? Ulimi wako umezeeka. Kula."

Alijua si mkono wa Dedei. Aliona haya kuuliza tena. Akala. Miezi mitatu alikula hivyo.

Siku moja Ayikwei akaja mbio. Mkewe alikuwa amepita nyumba ya wanawake, akatoka analia.

"Kpakpo, mkeo hajashuka kitandani tangu kabla ngoma hazijapigwa marufuku kungoja sikukuu ya mavuno. Wewe uko hapa unacheza bao?"

Kpakpo akainuka, akaenda. Mlangoni wanawake walimzuia.

"Mzee, umepotea njia?"

Akawapita.

Dedei alikuwa amebaki mifupa. Alimgeuzia macho mumewe.

"Nani kakuambia?"

"Ayikwei."

"Wa Tema."

"Mbona hukuniita, Dedei?"

"Nikuite uje wapi? Si watakucheka."

"Nakuchukua. Twende kwangu."

"Kwenu wanaume kumi na wawili. Nani atanigeuza?"

"Mimi."

"Wewe?" Alivuta pumzi kwanza. "Wewe hujui hata nalalia ubavu gani."

Kpakpo hakujua. Alifikiri. Siku zote walizolala pamoja ilikuwa giza, na kabla hakujapambazuka Dedei alikuwa keshaondoka. Akaketi sakafuni, akaushika mguu wa mkewe. Ulikuwa baridi. Dedei hakuuvuta.

Baadaye Fofo aliingia na beseni, wanawake wawili nyuma yake.

"Shemeji, toka. Tunamwogesha."

Angeweza kusema hatoki. Ni mkewe, miaka arobaini na mitatu. Wanawake walisimama wakimsubiri, mmoja ameziba mdomo kwa kanga. Kpakpo aliona bega la yule mwanamke linatikisika kwa kicheko.

Akasimama. Akaweka nguo yake sawa begani, akatoka.

Dedei alikufa siku ya tatu. Fofo ndiye aliyemfumba macho.