Kafi Mlangoni

Mimi nilizaliwa na shuku. Mtu akinisalimu mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Sijisifu. Tabia hiyo ndiyo iliyonikosesha kaka.

Siku hizo za Mjerumani tulikaa pembeni mwa Ifakara, mimi na mume wangu, nyumba yetu peke yake karibu na mto. Tulikuwa na mtumbwi mmoja, aliouchonga mwenyewe pamoja na kafi la kuuendeshea. Bila huo, masika hufiki shambani, huvui, na mgonjwa humvushi. Kodi ya mitumbwi ilipoanza tulinung'unika, tukalipa. Mwaka uliofuata ikapanda. Ilipopanda tena mume wangu akasema, "Safari hii hawaoni kitu." Yeye na kaka yangu wakaujaza mawe, wakauzamisha kwenye mkono wa mto, ndani ya matete. Tuliojua ni sisi watatu tu.

Karani wa akida akaja na askari wawili. Hakuzunguka nyuma ya nyumba wala hakuuliza mtu. Alisimama mlangoni, bega kwenye ukuta karibu na kafi la mume wangu, akasema, "Mtumbwi wenu uko wapi?"

"Hatuna, bwana," mume wangu akajibu. "Ulioza."

"Muongo mkubwa wewe!"

Wakamlaza chini, wakamchapa kiboko mpaka akawapeleka kwenye matete. Mtumbwi wakaenda nao.

Nani alisema? Wiki ile ile kaka alikuwa amembebea karani mizigo, akarudi na kitambaa kipya cha marekani. Basi, mimi nikamaliza kesi palepale. Alipokuja kumpa shemeji yake pole nilimzuia uani.

"Umetuuza kwa kitambaa. Usikanyage tena kwangu."

"Dada, naapa kwa kaburi la baba, sikusema."

Nikamtemea mate miguuni. Ndiyo, nilifanya hivyo.

Haikupita miezi miwili, watu wa maji ya dawa wakapita wakikusanya wanaume wa kwenda kupigana. Kaka akafuatana nao. Sidhani kama aliiamini ile dawa. Hakurudi.

Vita vilipokwisha, siku moja nilikuwa kisimani na mke wa askari mmoja, mwanamke wa maneno mengi. Akaanza kunitania. "Lo, ninyi watu wa mto! Mnaficha mitumbwi, makafi mnayaacha mlangoni. Mume wangu na karani walikuwa wanatazama makafi tu, basi. Wenyewe mnawaonyesha!"

Nilikaa chini. Kwetu kafi halilali ndani. Linaegemezwa mlangoni, watu wajue kwamba mwenyewe yu hai, na linaingizwa siku ya msiba wake tu. Kulificha lile la mume wangu kungekuwa uchuro, hata hatukuliwaza. Nilimwona karani ameliegemea kabisa, na bado nikamtafuta mchawi nyumbani kwetu.

Kafi la kaka lilibaki mlangoni kwa mama. Kila kiangazi mama alilipaka mafuta lisipasuke, nami nilikwenda kumsaidia.

"Atarudi," alikuwa akisema. "Ila nashangaa, mtoto wangu aliondoka hata kuniaga hakuniaga. Alikuwa na nini moyoni? Wewe dada yake hakukwambia?"

"Hakuniambia, mama," namjibu, namshikia kibuyu cha mafuta.